Kuku wa Gambuti

Firdaus wa Mama Zainab alikuwa na miaka sita na tayari alikuwa mfanyabiashara. Nipe nusu andazi, nikuchoree. Basi. Shule nzima ya nasari pale Ruiru ilijua mambo hayo, isipokuwa Mwalimu Kalondu, na yeye ndiye aliyekuwa na kompyuta.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, imetoka ofisi fulani ya Thika mwaka huo wa tisini na nane. Kila Ijumaa Mwalimu alipitisha michoro kwenye skana, kila mtoto na faili yake humo ndani, wazazi waje waone siku ya kufunga shule. Atakayekutwa na faili tupu atarudia nasari.

Sasa, Firdaus alikuwa ameuza kila kitu. Faili yake ilikuwa na mstari mmoja tu, na hata huo alikuwa akijaribu kalamu. Rafiki yake Ciku aende darasa la kwanza, yeye abaki na vile vitoto vya kamasi?

Siku ya kufunga ikafika. Mwalimu akafungua faili ya Ciku. Kuku huyo, amevaa gambuti, zile buti ndefu za mpira za matopeni!

"Ngai!" Baba Ciku, Mzee Gichuru, akapiga paja. "Huyu ni msanii! Kipaji ametoa kwangu!"

Faili ya Mwas ikafunguliwa: kuku wa gambuti. Ya Bedan: kuku wawili, gambuti nne. Wazazi wakaanza kucheka, na Gichuru akaacha paja lake lipumzike.

"Nani amechora hizi?" Mwalimu akauliza.

Firdaus akabana mdomo. Akisema, habari ya mandazi itatoka, na mandazi hayo alikuwa akiyapika mama yake mwenyewe na kuyauza pale langoni kila asubuhi.

"Haya, Ciku, kuja uchore kuku wako ubaoni."

Ciku akachora kiazi chenye miguu. Akakivisha gambuti mpya kabisa, kisha akakiwekea meno.

Firdaus akavumilia. Akavumilia tena. Yakamshinda.

"Si hivyo! Gambuti ya kushoto iko na shimo hapa, kama ya baba! Na kuku wangu hana meno!"

Akajishika mdomo, lakini wapi. Alikuwa ameshajichoma mwenyewe, na Ciku akadakia, "Na nusu andazi nilikulipa!"

Mama Zainab akageuka polepole. "Kumbe ndiyo sababu huli jioni! Na mimi nimekupa dawa ya minyoo mara tatu!"

Mwalimu, huku akifuta machozi ya kicheko, akawahamisha kuku mmoja mmoja hadi faili ya Firdaus. Ikajaa. Darasa la kwanza likawa lake.

"Na hawa wetu je?" Gichuru akalalamika. "Faili zao si zimebaki tupu?"

"Kuna likizo nzima ya Disemba. Wajifunze kuchora wenyewe, nitawapima Januari."

"Nani atawafundisha?"

"Si huyo hapo," Mama Zainab akasema. "Kila asubuhi. Na hakuna cha andazi."

Firdaus, ambaye hakuwa amelia hata alipodhani anarudia nasari, akaangua kilio hadi watu wa barabarani wakasimama.