Kalamu Nyekundu ya Kaka

Mimi ni mwalimu wa muziki, na nisikudanganye, nilikuwa najiona. Cheti changu nimekitia fremu, kiko sebuleni kwangu Soweto, Mbeya, mahali ambapo mgeni akiketi tu lazima akione. Kwaya tatu za mjini hapa nimezifundisha nota, na waimbaji wanaiogopa kalamu yangu nyekundu kuliko wanavyomwogopa mchungaji.

Mdogo wangu Eveline hakuwa na cheti. Alikuwa na mdomo. Katika ukoo wetu, kule Kalenga, Iringa, kabla kaburi halijafukiwa mwanamke mmoja wa nyumbani humwimbia marehemu. Wimbo wenyewe hauandaliwi. Mwimbaji anautunga palepale amesimama, anamwita marehemu kwa jina, anamtajia wema wake na hata ukorofi wake. Babu alipozikwa, Eveline alikuwa na miaka kumi na saba. Alimwimbia jembe lake lililolegea mpini, akamwimbia na ule ugomvi wake na mbuzi wa jirani. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mama alimshika mkono tukiwa bado makaburini.

"Siku yangu ikifika, uniimbie wewe," alimwambia. "Nisiimbiwe na mwingine."

Nilikuwepo. Nililia kama wenzangu, halafu nikaanza kuwaza kwamba kipaji kile kinapotea bure. Mwezi uliofuata nikaja naye Mbeya nimfundishe.

Jamani, alikuwa mwepesi wa kushika! Miezi mitatu tu, anasoma nota. Nikamwambia aandike nyimbo zake, akaandika, nami nikachukua kalamu. Sauti ya pili ilikuwa inaifuata ya kwanza kwa umbali uleule, hatua kwa hatua, kama wanavyoimba mama zetu shambani. Kitabuni hilo ni kosa. Nikazungushia duara. Mstari mmoja mrefu, mwingine mfupi: duara. Kila jioni alinikabidhi daftari kwa mikono miwili, akasimama kusubiri.

"Kaka, nimekosea wapi?"

Nikamwonyesha. Miaka minne nilimwonyesha. Maduara yalipungua mpaka yakaisha, nikatamba kwa walimu wenzangu. Sikugundua kwamba alikuwa ameacha kuimba jikoni. Kusema kweli niligundua, nikadhani amekua.

Mama alifariki Juni mwaka jana, baridi ikiwa kali. Tangu tunatoka Mbeya Eveline alikuwa na daftari mapajani, anaandika, anafuta, anaandika tena.

"Weka hilo daftari," nilimwambia tulipofika Makambako. "Si utaimba tu ukifika?"

"Nikitaka kuimba nakusikia wewe, kaka," alinijibu bila kuinua macho. "Sauti haijatoka, nishaona duara."

Niligeukia dirisha la basi.

Makaburini shangazi Bertha alimsogeza mbele. Watu walitulia, wengine tayari wameshika vitambaa vyao, maana walimkumbuka tangu msiba wa babu. Eveline alifungua mdomo, akaufunga. Akajaribu tena. Ilitoka sauti moja tu, ya mtoto anayemwita mama yake, ikakatika. Hapo ndipo mkono wake ulipoingia mfukoni na kutoka na karatasi.

Akaimba ya kwenye karatasi. Mistari ililingana, kila kitu mahali pake. Ulikuwa wimbo wa mama mpendwa, wa safari, wa pumziko la milele. Haukutaja pombe ya ulanzi ambayo mama alikuwa anaificha nyuma ya gunia la mahindi akidhani hatujui, wala kuku wake aliowapa majina ya wifi zake. Angeweza kuwa mama wa mtu yeyote.

Hakuna aliyecheka, na vile vitambaa vilirudi mifukoni vikiwa vikavu. Shangazi Bertha aliinamisha kichwa. Udongo ukaanza kushuka. Mama yangu aliomba kitu kimoja tu, akaenda bila kukipata, na aliyemnyima ni mimi.

Watu walipoanza kutawanyika Eveline alinijia. Alininyooshea ile karatasi kwa mikono miwili, akasimama kusubiri.

"Kaka, nimekosea wapi?"

Niliisoma yote, juu hadi chini. Machozi yalinizuia, nikayafuta, nikaisoma tena, nikitafuta japo kosa moja la kumwonyesha. Halikuwepo.