Neno la Pili kwenye Kibao

Mtaani walimwita Bi Brashi. Alikuwa fundi wa kuandika mabango, na mkono wake ulikuwa hauna mfano. Kiingereza, hata hivyo, alikuwa anakichora tu, mpaka majuzi aliponunua kamusi kuukuu isiyo na jalada. Tangu hapo ukawa ugonjwa: kila neno aliloletewa lazima alichungulie.

Asubuhi moja muuguzi mkuu wa zahanati akamletea karatasi. Jengo lilikuwa linakarabatiwa, wagonjwa wamepangwa nje, naye alitaka kibao cha kuwaomba subira. Karatasi ilisema: "Please bare with us."

"Maana yake mtuvumilie," alisema, na huyo akaenda zake.

Bi Brashi akapiga mistari ya penseli, kisha akafungua kamusi yake. Neno la kwanza alilijua. La pili akalisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Uchi!

"Makubwa haya," akanong'ona. "Tafadhali, uchi pamoja nasi? Na wenye homa je?"

Akampigia simu wifi yake, karani wa mawakili.

"Wifi, hili 'bare' ndilo kuvumilia?"

"Hebu nitajie herufi."

Akamtajia. Wifi akaangua kicheko. "E ije baada ya B, mwenzangu! B, E, A, R."

Bi Brashi akafunua tena. "Wewe, unanitania? Huyu ni dubu!"

"Usiishie maana ya kwanza. Shuka chini."

Akashuka na kidole: kuzaa, kubeba, kustahimili. Akaduwaa. Mnyama, uzazi na subira, vyote vimejibana ndani ya herufi nne! Akajikuta amemaliza ukurasa mzima, chai imepoa.

Ikabaki shughuli ya kumwambia muuguzi, mwanamke asiyependa kukosolewa. Kesho yake alikipeleka kibao na neno la pili likiwa bado kwa penseli.

"Dada, kabla sijamalizia, hebu nisaidie kusoma hapa," alisema kwa upole, akimwekea kamusi mbele.

Muuguzi akasoma. Midomo ikamcheza. Kisha akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mungu wangu! Na jana nimemwandikia daktari mkuu hivyo hivyo!"

Wakatazamana. Bi Brashi alijitahidi kujizuia, akashindwa, na mara wote wawili wakawa wanacheka hadi machozi, foleni nzima ikiwageukia. Neno likaandikwa sawasawa, rangi ikakauka, kibao kikapigiliwa mlangoni.

Siku tatu baadaye muuguzi alikuja mbio mbio karakanani kwa Bi Brashi, barua ya daktari mkuu mkononi. Alimwonyesha mstari wa mwisho: "We will bare with you."

"Kumbe na yeye!" Bi Brashi alisema.

"Tumwambie?"

Bi Brashi akaifikiria ile barua, mhuri na sahihi yake nzuri. "Mpelekee kamusi," alisema. "Mwambie umeona ina mambo ya kuvutia."