Hesabu ya Mama

Mkalimani wa hospitali alijua amekosea pale mtoto wa mgonjwa, mwanamume mzima, aliponyoosha mkono kuchukua kalamu ya kusaini fomu ya upasuaji.

Daktari wa upasuaji, mgeni asiyejua Kiswahili, alikuwa amesema, na kuandika kwenye fomu, kwamba uamuzi wa mama huyu kukataa kukatwa mguu ni "irrational". Mkalimani, akiwa na wagonjwa sita wanaomsubiri nje, akatafsiri kwa pupa: "Anasema mama hana akili timamu."

"Basi nasaini mimi," mtoto akasema, jasho likimtiririka. "Kidonda kimeoza, dada. Tukizubaa nitamzika."

Mama akageuzia uso ukutani. Machela ilikuwa tayari mlangoni.

"Kaka, subiri." Mkalimani aliizuia kalamu, ingawa kosa kama hilo lingeweza kumwachisha kazi. "Nimetafsiri vibaya. Neno lenyewe lilitoka Kilatini, na mzizi wake ni hesabu, kupima mambo kwa fikra. Daktari anaona uamuzi haukupimwa. Hajasema mama ni mwendawazimu."

"Saa hizi unanifundisha Kilatini?"

"Kwa sababu mtu mwenye akili zake hasainiwi na mwingine."

Akamgeukia daktari, akakiri kosa lake kwa Kiingereza. Daktari alitazama saa, akashusha pumzi, kisha akavuta kiti.

"Muulize amepimaje."

Mama hakugeuka mara moja. "Sukari imenila miaka ishirini," akasema. "Baba yake huyu naye walimkata mguu. Akalala wodi hii hii miezi mitatu, akafa bila kuiona tena nyumba yake. Mimi najua nikiondoka hapa nitakufa, tena upesi. Nataka nifie kitandani kwangu. Hiyo ndiyo hesabu yangu. Kama kuna aliyeipiga vizuri zaidi, aniambie."

Mkalimani akatafsiri neno kwa neno, safari hii bila haraka. Daktari akalifuta lile neno kwenye fomu.

Mtoto alitoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akapiga magoti, akamvisha mamake sweta, mkono mmoja mmoja.

Siku ya kumi na moja baada ya kumrudisha mama nyumbani, mtoto alipiga simu hospitalini, akamwomba mkalimani.

"Tumemzika jana," akasema. "Bado nina hasira na wewe, sikufichi. Lakini usiku ule wa mwisho tulicheka sana, mimi na yeye."

Mkalimani akavuta kiti, akaketi. Akabaki ameshika simu, na mtoto upande wa pili hakuikata.