Nusu ya Babirye

Nilitoka Mbale na vidonge vya Babirye mfukoni, nusu nusu. Alikuwa akikata kila kidonge chake na kunitumia nusu, na Ojwang, dereva wa malori, ndiye aliyekuwa akiniletea. Sikumeza hata kimoja. Nimezunguka sana duniani, nimekunywa mizizi ya kila namna, lakini vile havikuwa vyangu.

Babirye ni pacha wangu. Yeye alitangulia, mimi Kato nikafuata. Sasa sote tuna saratani ya mapafu, na imekwisha kusambaa. Hospitali ya Jinja wanajaribu dawa mpya inayolenga kasoro moja tu katika vinasaba vya uvimbe. Walitukata vinyama wakavipima. Uvimbe wake una kasoro hiyo, wangu hauna. Yeye akaingia kwenye jaribio. Mimi nikapewa chupa ya morfini na pole.

Juzi Sista Nasimiyu, muuguzi wa jaribio hilo, akanipigia simu. Uvimbe wa dada haupungui. Ukizidi kukua, watamtoa. "Mzee, dawa anameza kweli?"

Nilimkuta dada kwake kijijini Wanyange, karibu na Jinja, nyuma ya nyumba, mkekani, na wembe mkononi.

"Unakata tena?"

"Mama alikuwa akininunulia gauni, na wewe unapata kaptula. Pacha akibaguliwa, Kato, mabaya huja."

"Yamekwisha kuja, yakavua na viatu."

Nikamwaga vipande vyote mkekani. Akavihesabu kwa kidole.

"Hukuvimeza."

"Havinijui mimi. Vinakujua wewe."

"Basi tumekosa wote wawili."

"Wewe mjinga tangu tumboni. Ulikimbilia kutoka ukidhani nje kuna chakula."

Akacheka, kikohozi kikamkatiza. Nikangoja kipite. Kisha nikachukua kidonge kizima, nikakigusisha mdomo wangu, nikampa. Nikafungua chupa yangu. Akalowesha ncha ya kidole, akalamba, akakunja uso.

"Chungu."

"Ndiyo yangu hiyo. Tumegawana. Sasa meza yako."

Alikizungushazungusha mkononi, mwisho akakimeza kizima. Nikampa simu ampigie Nasimiyu amweleze mwenyewe. Alieleza polepole, macho chini. Sauti ya Nasimiyu ikasikika: "Usikate tena, mama. Njooni kesho na vipande vyote. Daktari ndiye ataamua."

Akaweka simu.

"Wakinitoa?"

"Watakutoa. Wakikuacha, utameza."

"Na wewe utakuwa wapi? Tororo? Kisumu?"

Miguu ilikuwa imenivimba tangu Busiu, njiani. Nikainua begi langu, nikaliingiza ndani ya nyumba yake.

"Kila asubuhi," nikasema, "nitakilamba kidonge chako kwanza."