Mama wa Dirishani

Saa kumi na moja jioni, wanawake wa mtaa wa Awindiri, mjini Arua, walikuwa wakikutana sebuleni kwa Medina. Walikuja na maharage yao ya kuchambua, wakajipanga mkekani, naye akakaa kwenye kiti kilicho karibu na televisheni, kidole tayari, akawasimulia tamthilia ya yule mama mwenye nyumba nyeupe. Watu wa tamthilia walisema Kizungu, tena cha haraka kama wanafukuzwa. Medina aliwageuzia kwa Kiswahili. Alikuwa amepika miaka kumi na moja jikoni kwa Wazungu wa shirika moja, na ni nani angemdai cheti?

Sasa tuseme ukweli mapema, tusije tukamficha mtu mzima nyuma ya pazia. Kizungu cha Medina kilikuwa cha jikoni. Alijua chumvi, alijua maji ya moto, alijua kwamba wageni watakuwa wanne. Mengine yote aliyasoma usoni mwa watu. Alitazama mkono ukitetemeka juu ya kikombe, akajua hapo pana barua mbaya. Na alikuwa hodari, jamani. Alisimulia mpaka maharage yakasahaulika mapajani.

Uongo wenyewe ulianza kwa aibu ndogo tu. Night, mwanamke wa Yei, ng'ambo ya mpaka, aliyekimbia vita na kupanga chumba nyuma ya nyumba ya Medina, aliingia siku moja akaketi karibu na mlango. Kwenye kioo cha televisheni yule mama alisimama dirishani akilia. Night akauliza, "Mama, ule mama iko lia nini?"

Medina hakujua. Lakini wanawake saba walikuwa wakimtazama, naye akasema lile aliloliona. "Iko ngoja mtoto yake. Ilipotea njiani, wakati ya vita."

Night alisogea akakaa mbele kabisa. Mtoto wake mwenyewe, Yangi, mwenye miaka tisa, alipotelea kwenye msongamano wa watu kabla ya mpaka, na mpaka leo hapana habari. Medina aliyajua hayo baadaye, na alipoyajua hakuweza tena kurudi nyuma. Miaka miwili yule mama alingoja dirishani. Kila kijana aliyebisha hodi pale nyumba nyeupe alikuwa ameleta fununu: mtoto ameonekana sokoni, mtoto amepata shule, mtoto amerefuka. Night alipohamia mji wa Koboko kupika chai kwenye mgahawa, hakuachwa. Kila kipindi kikiisha, jirani Kevina alimshikia Medina simu mdomoni, sauti ikaenda Koboko kwa WhatsApp.

Halafu simu zikaongezeka. Mwanzoni ilikuwa Kevina peke yake aliyeinamisha kichwa, kisha wawili, kisha mkeka mzima. Msichana mmoja, asiyejulikana anakaa nchi gani, alikuwa akikata tamthilia vipande vidogo na kuviweka TikTok, maneno ya Kiswahili yakipita chini. Vipande viliitangulia televisheni kwa wiki nzima. Medina alisimulia, wao wakitabasamia simu mapajani mwao kwa jambo ambalo televisheni haikuwa imelifikia. Nyuso zao zilimulikwa kutoka chini, na sebule ikawa kama ndoto ambamo unaita watu na hakuna anayegeuka. Ilimuuma sana. Hata maharage siku hizo yalichambuliwa vizuri, na hilo halikumfariji.

Aliyelipasua jipu ni Viola, binti wa Kevina, msusi wa nywele ambaye kwa kawaida saa hiyo alikuwa kazini. Alikuja jioni moja ya mvua, akasikiliza kidogo, akashika mbavu kwa kicheko.

"Mama Medina, hakuna mtoto! Ule mama iko uza nyumba tu. Hawa vijana yote iko watu ya kutafuta nyumba. Soma hapa!"

Wanawake walicheka, ingawa hawakumchukia Medina. Lakini Viola alikuwa amerekodi. Kabla ya mvua kukatika alishaiunganisha sauti ya Medina na picha: juu Medina anamlilia mtoto aliyepotea, chini maneno yanasema bafu lina vigae vipya. Asubuhi Arua nzima ilikuwa na Medina mfukoni. Muuza mihogo kutoka Ayivu alimwuliza kama mtoto amepatikana, akacheka mpaka akashikilia baiskeli.

Medina aliona haya mpaka masikioni. Lakini si aibu hiyo iliyomnyima uji. Ilikuwa ni Night. Video ile ingefika Koboko, kama haijafika. Mwanamke aliyelalia habari za mtoto wa uongo miaka miwili angeamka na kukuta vigae vya bafu. Akaona heri asikie kutoka kinywani mwake. Akafunga mlango, akapanda gari la Koboko, na njia nzima ukungu ulikaa juu ya mashamba ya mihogo, asijue kama gari linakwenda au ni mashamba yanayorudi.

Alifika mgahawani saa kumi na moja ikikaribia. Televisheni ilikuwa ukutani, wateja wote wameinamia simu. Night alitoka jikoni na birika, akaliweka chini, akapiga magoti kumsalimia.

"Night, mimi nilikudanganya," Medina alisema hata kabla ya kukaa. "Mimi hapana jua Kizungu. Ule mama hana mtoto. Iko uza nyumba."

"Mimi najua, Mama."

"Umeona video."

"Nimeona. Lakini nilijua mbele." Night aliketi kando yake. "Kule Yei mimi nilikuwa mwalimu. Nilifundisha Kizungu miaka sita. Ile siku ya kwanza nilisikia yote, neno kwa neno."

Medina alihisi benchi likielea. Miaka miwili alikuwa amemtafsiria mwalimu. "Sasa uliniuliza kwa nini?"

Night alipangusa meza ambayo haikuwa chafu.

"Mimi nilikuwa nalia kila siku kwa ile nyumba yako, Mama. Hakuna mutu aliuliza mimi iko lia nini. Basi nikauliza juu ya yule. Na wewe ukajibu sawasawa."

Medina alimshika mkono.

Muziki wa tamthilia ulianza. Ilikuwa sehemu ya mwisho, ambayo wateja wote walikwisha kuiona kwenye vipande, kwa hiyo hakuna aliyeinua kichwa. Night alisimama kwenye kiti akaishusha sauti kabisa, akarudi kukaa bega kwa bega naye.

"Sema, Mama."

Kwenye kioo yule mama alipita vyumba vitupu, akagusa kuta, akafunga dirisha lake. Alitoka nje na sanduku moja. Medina alifungua mdomo, sauti ikakataa. Angewezaje, mbele ya mwalimu, mbele ya mama huyu?

Night alingoja. Alipoona maneno hayaji, akanyoosha kidole chake mwenyewe kwenye kioo.

"Amechoka kungoja hapa," alisema polepole. "Sasa yeye iko enda kutafuta. Lakini angalia, ameacha ufunguo kwa jirani. Mtoto akikuja, apate mlango."

Medina aliona vizuri kabisa kwamba ufunguo ulipokelewa na mwanamume mwenye tai na karatasi za mauzo.

"Ndiyo," akasema. "Kwa jirani. Na jirani ni mutu mzuri."