Kura Moja ya Wubbo

Mume wangu Wubbo alipata kura moja. Moja, hapa hapa kijijini Hemmerwold alikozaliwa, alikotengeneza baiskeli za watu kwa miaka thelathini. Aligombea udiwani kwa sababu manispaa ilitaka kuifunga shule yetu, na kila alikopita watu walimpigapiga mgongoni: "Tuko nyuma yako, fundi!" Siku ya uchaguzi mimi niliingia kituoni saa tatu asubuhi, nikabonyeza jina lake kwenye mashine, nikathibitisha kwa kitufe chekundu, nikarudi kupika supu ya njegere. Kura yangu naijua.

Jioni ile hakuigusa supu.

"Yangu naijua," alisema. "Nilijipigia mwenyewe."

Aliishia hapo. Mbili kutoa moja haihitaji kalamu.

"Wubbo, mimi nilikupigia."

"Kwani nimesema kitu?"

Kesho yake nikamkokota hadi manispaa. Karani, bwana Nijdam, alitukaribisha kahawa na biskuti, moja kwa kila mtu, kisha akafunika kopo la biskuti.

"Tunataka kura zihesabiwe upya," nikamwambia.

"Hakuna shida, mama."

Akabonyeza kitufe. Mashine ikatoa ukanda wa karatasi, uleule wa jana. Wubbo: moja.

"Huko ni kuhesabu au kuchapisha?"

"Ndiko kuhesabu kwenyewe."

"Na karatasi za kura ziko wapi?"

"Karatasi tena, mama? Si ndiyo maana tulinunua mashine!"

Nikamwambia hata muuza mkate hunipa risiti. Akacheka. Wubbo naye akatabasamu kidogo, kwa adabu, na hilo liliniudhi kuliko kicheko cha karani.

Jirani yetu Eltjo akaja kutupa pole. "Nilikupigia, bwana wee! Unataka niape nimeshika nini, pampu ya baiskeli?" Wiki ile walimwapia hivyo watu kumi na wawili. Ama mashine ilizimeza kura zao, ama kijiji kizima ni waongo na mimi ndiye wa kwanza. Wubbo aliwaitikia wote, akawashukuru, akajifanya anawaamini. Kwangu mimi hakujisumbua hata kujifanya.

Manispaa ikamleta mtaalamu. Akaijaribu mashine kwa kura mia moja mbele ya mashahidi, na zote mia zikatoka sawasawa. Wubbo alikuwapo. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akaanza kufungua viatu.

"Mashine haina kasoro," alisema.

"Mwizi gani huiba mbele ya askari? Ilijaribiwa siku ile ya uchaguzi?"

"Mashine ni nzima, Geeske."

Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, na mtu anaamini sanduku la bati kuliko mimi. Nililia, sikuona haya. Kisha nikasema neno ambalo ningelimeza kama ningeweza.

"Basi ile kura moja ni yangu. Yako iko wapi?"

Nilisema kwa hasira, kumchoma tu. Lakini mkono wake ulisimama kwenye kamba ya kiatu, na hakuinua uso.

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

Akamalizia kufungua viatu. Sijui kama kilichomfunga mdomo ni uchungu au ni aibu, na hakuna karatasi popote duniani itakayoniambia. Tunaishi nyumba moja hadi leo, kila mmoja akiwa na hakika ya kura yake peke yake.