Vioo vya Nyuma

Siku mume wangu Gélase alipokufa, gari lake lilibaki mbele ya farmasi moja Kinanira, dawa ya ngozi ya binti yetu Nella ikiwa juu ya kiti. Alianguka akitafuta ufunguo mfukoni. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mdogo wake, Xavier, ndiye aliyetumwa kulichukua gari. Alilichukua kweli. Ufunguo haukurudi.

Nella ana miaka tisa. Jua likimpiga robo saa tu, ngozi yake inatoka malengelenge kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Kwa ajili yake Gélase aliomba ruhusa ya kubandika fumé, ile plastiki nyeusi ya vioo. Alipeleka barua ya daktari, akarudishwa mara nne, akaenda ya tano. Ruhusa ilipotoka alinisomea yote mezani, kwa maana alikuwa mtu wa kusoma karatasi mpaka kwenye muhuri. Vioo vya milango ya nyuma tu. Vya mbele vibaki wazi, askari aone uso wa dereva. Ruhusa ni ya mwenye gari aliyetajwa hapo, haipewi mtu mwingine. Chini kulikuwa na namba yake ya simu.

Karatasi ilikaa garini, lakini Xavier hakuisoma. Alikuwa ameona vioo vyeusi kwenye magari ya wakubwa, na kwake sheria nzima ilikuwa hiyo: mwenye vioo vyeusi ni mkubwa.

Siku chache baada ya mazishi tulifanya guca ku mazi, pale familia inapokaa pamoja na kuuliza marehemu ameacha nini na nani atawaangalia watoto. Xavier alisimama, chupa ya bia mkononi.

“Shemeji, usiogope. Batoto ba kaka ni batoto bangu. Gari nitaitunza mi mwenyewe.”

“Nella ana randevu hospitali siku ya ine,” nikamwambia. “Nani atamupeleka?”

“Si mi niko? Mi ni baba yake sasa.”

Watu wakapiga makofi. Marguerite, shangazi wa marehemu, akaniinamia sikioni: “Baba gani huyu? Biatu bya kaka yake amebivaa, na bimemuzidi.”

Alhamisi baba huyo hakutokea. Alikuwa mtaa wa Jabe, kwa fundi wa kubandika fumé, akiweka nyeusi milango ya mbele pia, na kipande kirefu juu ya kioo cha mbele kabisa. Kisha akazunguka mjini. Shida ya mtu wa namna hiyo ni kwamba akijificha, hakuna anayemwona. Kwa hiyo kila penye watu aliteremsha kioo ili asalimiwe.

Kesho yake simu ya Gélase ikalia. Nilikuwa bado naichaji kila siku.

“Allô, Gélase?”

“Mi ni bibi yake.”

“Mama, ni askari wa barabara, niko njia ya Gatumba. Nimesimamisha gari yenu. Bioo byote ni nyeusi, hata bya mbele. Huyu bwana ananionyesha ruhusa, anasema ndiye Gélase. Kitambulisho, ati amesahau nyumbani.”

Nyuma yake nikasikia sauti ya Xavier: “Muambie, shemeji! Eh... chérie, mupenzi wangu! Muambie ni mi!”

Askari akacheka kidogo. “Mama, sikia vizuri. Kama ni yeye, nitatoa hii ya mbele tu, aende. Kama siye, hii ruhusa haina kazi, ninatoa yote. Sema.”

Nella alikuwa nyuma ya pazia, anafanya hesabu za shule. Nilijua plastiki ya vioo vyake vya nyuma nayo ingeondoka. Nilihitaji kusema “ndiyo”, basi. Nilifungua mdomo niseme, nikashindwa kumpa Xavier jina lile.

“Gélase tulimuzika tarehe nane,” nikasema.

“Basi huyu iko mbele yangu ni nani?”

“Muulize mwenyewe. Asubuhi alikuwa Xavier.”

Jioni Xavier alirudisha gari. Plastiki yote ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, gundi imebaki kwenye vioo kama makamasi.

“Umeniaibisha mbele ya askari, shemeji. Neno moja tu!”

“Lilikuwa jina la mutu. Weka ufunguo mezani.”

Aliuweka. Mlangoni akageuka. “Na mutoto? Mutoto hukumufikiria?”

Kati ya yote aliyowahi kusema, hilo ndilo pekee lenye uzito, na lilitoka kwenye mdomo wake. Nilisubiri atoke, nikafunga.

Nimeomba ruhusa mpya. Ofisini wamesema gari liandikwe kwanza kwa jina langu, na ili liandikwe, familia ya marehemu lazima itie sahihi, Xavier akiwamo. Bado hajatia.

Siku ya hospitali jirani yangu Irène anatuendesha kwa gari hilo hilo. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jua. Kurudi ni saa sita mchana, na Nella analala chini, kati ya viti, amefunikwa blanketi mbili.